Sanduku la Sijali

Anselm alikuwa fundi wa majeneza pale Utemini, Singida, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna maiti aliyewahi kumlalamikia. Kwa hiyo Mzee Mughwai wa Mgori alipomletea mbwa apimiwe sanduku la kupandia ndege, alijichekea moyoni. Mbwa mwenyewe, Sijali, alijinyoosha kwenye maranda. Anselm akampima hapo hapo: urefu, upana, na kimo cha mbavu.

Mzee alikuwa anahamia Dar kwa binti yake, Winfrida. Figo zilikuwa zimemgomea, na damu ilipaswa kusafishwa mara tatu kwa wiki. Safari ya basi ya kutwa nzima asingeihimili. Mkewe alishazikwa, mbuzi walishauzwa. Aliyebaki ni Sijali, na mzee alisema wazi kwamba bila mbwa haendi popote. Winfrida akahangaika mpaka akapata cheti cha chanjo na nafasi ya mbwa kwenye ndege ya kutoka Dodoma. Wiki mbili nzima mzee alimzoesha Sijali kulala sandukuni, juu ya koti lake kuukuu.

Anselm alilibeba sanduku mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa Dodoma. Mhudumu wa mizigo akaomba mbwa asimame ndani. Sijali akajaribu. Mgongo ukagonga mbao, miguu ikakunjika, akalala tena kwa adabu. Mhudumu akasema kwa upole kwamba mnyama lazima aweze kusimama na kugeuka, la sivyo hasafiri.

"Fundi, ulimpimaje?" mzee akauliza.

"Akiwa amelala, mzee. Nimezoea hivyo."

Mzee hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Winfrida, aliyekuja kumchukua baba yake, alibembeleza, akalia, lakini ndege haikuwa ya kusubiri mbwa, na kesho yake asubuhi mzee alitakiwa hospitali. Akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu bila kugeuka nyuma. Anselm akarudi Singida na Sijali, ameapa kwamba ndani ya wiki sanduku jingine litakuwa tayari.

Alilitengeneza kweli, la kwenda juu, hata ndama angesimama. Lakini Sijali hakutoka kwenye lile la kwanza. Alikataa dagaa, akakataa maziwa, akakataa hata utumbo wa kuku. Daktari wa mifugo alimchoma sindano mbili, hazikufua dafu. Siku ya nane alikufa juu ya koti, na Anselm hakuwa na haja ya kumhamisha. Alipigilia kifuniko tu. Sanduku lilimtosha kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

Jioni ile mzee alipiga simu, sauti imekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lile jipya limekamilika?"

"Limekamilika."

"Atasimama?"

Anselm alilitazama sanduku tupu lililoegemea ukuta, udongo wa kaburi bado mikononi mwake.

"Atasimama vizuri, mzee," akasema, na mzee akamshukuru.