Jana Mmelala Wapi?

Tope lenyewe lilikuwa kakao. Nilidhani pua inanidanganya, nikainamia ndoo na kunusa tena: kakao ya kunywa, imekorogwa kwa maji mpaka ikawa nzito. Wacheza shoo wanne kutoka Morogoro walikuwa wanapakana mashavuni na miguuni nyuma ya jiko la hoteli, pale Mikumi, huku nzi wakiwazengea.

"Tope la kweli lingechafua mazulia ya watu," Abubakari akanieleza, kana kwamba nimeuliza. "Hili ukioga linatoka lote. Njoo na wewe upakwe kidogo, Leti. Wateja wanataka kuuona mtaa."

Nilitaka kutapika. Sisemi nilikereka, nasema kutapika.

Mimi na Abubakari ndio Kikosi Mkondoa, kundi la rap la Kilosa. Siku hizi yeye anaishi Morogoro na kadi zake za biashara zimeandikwa "mkurugenzi". Mimi nauza mitumba sokoni Kilosa, na mpaka leo watu wakipita kwenye meza yangu hunitania: "Leti wa Tuta, una suruali ya saizi yangu?" Jina hilo limetoka kwenye wimbo wetu mmoja, ambao ndio huo huo kila mtu anataka tuuimbe.

Mwaka mto Mkondoa ulipovunja kingo, mtaa wetu wote uliingia maji, na sisi tukalala juu ya tuta la reli kwa sababu hapakuwa na pengine pakavu. Tulikaa pale na mbuzi, magodoro yaliyolowa na wagonjwa. Tuliporudi nyumbani tukatunga "Juu ya Tuta". Mimi nauliza, "Jana mmelala wapi?" Hapo biti inakatika, na wanaojibu ni watu. Sisi wenyewe hatukuwahi kujibu hata siku moja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Hata siku ya kurekodi tuliwaita waliolala pale, wakajibana kwenye chumba cha fundi redio mwenye kompyuta moja, wakajibu wao: "Juu ya tuta!" Sauti inayozipita nyingine zote ni ya mama Sikuzani. Mwanawe Imani aliharisha juu ya tuta lile, akafia mgongoni kwake. Ukiusikiliza wimbo ule unayajua hayo bila kuambiwa.

Wimbo ukatoka Kilosa, ukafika vyuoni. Wanafunzi ambao hawajawahi kulala hata kwenye mkeka waliupenda mno, na sasa ndio hao wana vitambi na vyeo, na kampuni yao imewaleta Mikumi kutazama tembo. Walitaka kusikia wimbo wa ujana wao. Abubakari akawauzia.

Mimi nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kuuliza tena swali lile Kilosa, uwanjani, nijibiwe na watu wenyewe kabla hawajaisha, maana kila mwaka tunawazika. Hatukuwahi kupata vyombo vya muziki. Abubakari alilijua hilo, ndiyo maana akanijia na ahadi: Jumamosi tupige Mikumi, Jumapili spika zile zile ziende Kilosa, watu waingie bure. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Kakao nilikataa. Nikajiona mtu wa maana sana kwa kukataa, nikasahau kwamba jukwaani nitapanda vile vile.

Wageni walikuwa wamevaa fulana mpya walizogawiwa getini, zimeandikwa kifuani NILILALA TUTANI. Mikononi walishika glasi za kinywaji cha rangi ya udongo, chenye kipande cha nanasi ukingoni. Nikamuuliza mhudumu kinaitwaje. Akaangalia chini, akasema, "Kinaitwa Mafuriko, dada."

Mshereheshaji aliwafundisha jibu kabla hatujaanza. Aliwafundisha kabisa, kama watoto wa chekechea, upande wa kulia kwanza halafu wa kushoto, washindane. Nilipouliza, "Jana mmelala wapi?", wakapasua, "Juu ya tutaaa!" wakacheka mpaka wakaegemeana. Mama mmoja alijibu nyama ikiwa bado mdomoni, akapanda jukwaani, akamkumbatia mcheza shoo, akapiga naye picha, akamlamba kakao shavuni. Watu wakashangilia. Mimi nikaendelea na ubeti wa pili.

Baadaye wakatupa vyumba. Kitanda changu kilikuwa na mito minne, na shuka zilinukia maua. Niliapa sitapata usingizi kwa kinyaa, lakini nikalala fofofo mpaka jua likanikuta. Hata hilo linanichefua.

Jumapili tukaondoka na lori la vyombo. Njia nzima Abubakari alikuwa anaangalia simu na kuchekelea, klipu ya jana inatembea mitandaoni. Tulipopita mashamba ya Masanze nikamwambia wale wacheza shoo wasipande Kilosa. Akasema sawa, sawa, dada, Kilosa tunapiga kavu kavu, nyumbani ni nyumbani.

Uwanja ulikuwa umejaa. Nikajua nimefanya vizuri kuvumilia yale ya jana. Walikuja wazee na fimbo zao, watu wa kutoka Munisagara, na kina mama niliolala nao tutani. Mama Sikuzani alikuwa amekaa mbele kwenye kigoda chake. Nikamfuata kabla sijapanda, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Hakunijibu.

Nikadhani hajasikia, spika zilikuwa zinajaribiwa. "Shikamoo, mama," nikarudia kwa nguvu zaidi.

Akanitazama usoni, tena vizuri tu, kisha akatazama pembeni. Shikamoo yangu ikabaki pale pale, na watu wameisikia. Kwetu hata mtu mliyegombana naye shamba anakuitikia. Nikainuka, magoti yana vumbi, nikapanda jukwaani nikiwa sijui niweke wapi mikono.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ulipita, vichwa vichache vikatikisika. Nikafika kwenye swali langu.

"Jana mmelala wapi?"

Biti ikakatika. Nikanyoosha maiki kwao.

Kimya. Nilisikia pikipiki ikipita barabarani. Nikauliza tena, nikiwatazama mmoja mmoja, watu wanaonifahamu tangu sijaota meno ya ukubwa. Kijana mmoja akainua simu yake, akanigeuzia kioo: nikamwona yule mama akilamba shavu lenye kakao, na nyuma yao nikajiona mimi, mdomo wazi, naimba.

Abubakari hakuweza kuvumilia kile kimya. Nikamwona anampa ishara mtu wa vyombo, nikapiga kelele, "Acha!" lakini alikuwa ameshabonyeza. Spika za Mikumi zikatoa lile jibu la kwenye rekodi: "Juu ya tuta!" Sauti ya mama Sikuzani, bado kijana, mwanawe amezikwa juzi tu. Na mama Sikuzani mwenyewe amekaa pale chini, midomo ameibana, anasikia wenzake waliokufa wakilazimishwa kuitika.

Nimewahi kuona panya aliyeoza kwenye tangi la maji ya kunywa. Hakunitia kinyaa kama kile kitendo.

Mama Sikuzani akasimama taratibu, akashikilia bega la jirani yake. Hakuhitaji maiki.

"Sisi tumewajibu miaka yote," akasema. "Leo tunauliza sisi. Nyie, jana mmelala wapi?"

Wa nyuma wakalidaka. "Mmelala wapi?" Uwanja mzima ukauliza, kwa mpigo wetu wenyewe, wakakata pale pale ambapo biti hukata, wakasubiri.

"Wanangu, msiwe hivyo," Abubakari akaanza. "Biashara ni biashara, sisi bado ni wa mtaa..."

"Mmelala wapi?"

Akaweka maiki chini, akaenda kusimama nyuma ya spika.

Nikabaki peke yangu. Kumbe kujibu ni kazi. Nikaisogeza maiki mdomoni.

"Hotelini," nikasema. "Mikumi. Kitanda kilikuwa na mito minne, na nilipata usingizi."

Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyezomea. Watu walianza kujikusanya, mmoja mmoja, kina baba wakiwainua watoto mabegani. Mama Sikuzani alichukua kigoda chake, akakikung'uta vumbi, akakiweka kwapani. Akaniangalia.

"Marahaba," akasema, akageuka, akashika njia ya kwake.