Vifungo Juu ya Ramani

Mke wangu alikuwa amehamisha vifungo tena.

Nilisimama jikoni na kikombe cha chai mkononi, nikaikodolea macho ramani tuliyoitandaza juu ya meza ya kulia, nikajikuna kichwa. Mimi nilipoiacha, safari yetu ilianzia mlangoni kwetu, ikavuka mto, ikapanda milima, ikateremka hadi ziwani. Kila kifungo cha koti kilionyesha mahali ambapo tungepumzika na baiskeli zetu. Sasa vifungo vyote vilikuwa vimerudi upande wa huku wa mto, vimebanana kama watu wanaogombea kivuli. Ziwa lilibaki peke yake kule juu, halina hata kifungo kimoja cha kulitia moyo.

Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Lakini mwenye kuhamisha vifungo alikuwa amelala fofofo. Giza ndiyo kwanza lilikuwa limeingia, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeamka.

Hapo lazima nieleze, maana hata watoto wetu wenyewe huchanganyikiwa. Mimi nilikuwa mwokaji mikate. Mwokaji hufanya kazi watu wakiwa wamelala, ili wakiamka wakute mkate una moto. Wao wakianza siku, yeye anatafuta shuka. Mke wangu alikuwa mshonaji katika hospitali, akitia viraka mashuka na kubadilisha vifungo vya sare za wauguzi. Hiyo ni kazi ya mchana. Kwa hiyo ndoa yetu yote tulilala kitanda kimoja kwa kupokezana, na nyumba yetu ilikuwa na ufunguo mmoja tu, kwa sababu hatukuwahi kuhitaji wa pili. Alfajiri mimi ninarudi, yeye anatoka. Tunakutana mlangoni. Yeye ananipa ufunguo, mimi nampa mkate. Yeye ananiuliza, "Umeshindaje?" Mimi namuuliza, "Umelalaje?" Basi, kila mtu anashika njia yake. Majirani walinibatiza Popo, na walipenda kuuliza watoto wetu tuliwapata saa ngapi. Tuliwapata siku za mapumziko. Sioni cha kuchekesha hapo.

Tulipostaafu, kila mtu alisema mwili utazoea. Mwili wangu hakuna aliyeuambia. Jua likitoka, kope zinakuwa nzito kama magunia ya unga; jua likizama, macho yananitoka pima. Mke wangu naye, taarifa ya habari ikianza tu, kidevu kinagusa kifua. Tulikuwa tumesubiri miaka yote hiyo kukaa pamoja, na tulipopewa nafasi tukaishia kunyatiana ndani ya nyumba kama wezi, kila mmoja akiogopa kumwamsha mwenzake. Nilianza kumwonea haya, mke wangu mwenyewe. Sikujua anapenda kukaa kiti gani.

Ndipo nikapata wazo la baiskeli. Nilijiambia kwamba barabarani hakuna kitanda cha kupokezana, kwamba watu wawili wakiwa njiani lazima watakuwa macho pamoja. Hilo sikumwambia. Nilimwambia tu, "Mama watoto, tuchukue baiskeli, twende mpaka ziwani."

Alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Sisi?"

"Sisi."

Hakusema ndiyo wala hapana. Alikwenda chumbani akarudi na kopo lake la vifungo, akaliweka juu ya ramani. Mimi nikalihesabu hilo kuwa ndiyo.

Sasa sikuwa na hakika tena. Kila nikipeleka vifungo mbele, nikiamka navikuta vimerudi nyuma. Nikaanza kuona kwamba mwenzangu hataki kwenda, au anataka kwenda lakini si na mimi, au ananiona mzee nisiyeweza kuvuka daraja. Nilichagua la kuniudhi zaidi, kama kawaida yangu, nikavirudisha vyote mpaka ziwani kwa hasira.

Fundi wa baiskeli pale mtaani kwetu ndiye aliyenizidishia mawazo. Nilipokwenda kuchukua baiskeli zetu mbili, alikuwa anafunga taa nilizoagiza, taa kubwa, mbele na nyuma.

"Mzee," alisema, "naomba nikuulize bila kukuvunjia heshima. Wewe umeniagiza taa za kumulika kijiji kizima. Jana mama kaja kuulizia kofia pana na mahali pa kuchomeka mwavuli. Mnakwenda safari moja kweli?"

"Moja," nilijibu.

"Haya," alisema, akakaza skrubu. "Mimi ni fundi tu."

Nilisukuma baiskeli zote mbili hadi nyumbani, moja kila mkono, na swali lake likinifuata njia nzima. Mwavuli wa nini?

Siku chache baadaye simu iliniamsha mchana. Alikuwa binti yetu, anayekaa mji wa jirani, ambaye alikuwa amejifungua na sasa anarudi kazini.

"Baba, samahani, najua umelala. Nataka uyasikie kwangu. Nimemwomba mama aje kukaa kwangu anisaidie na mtoto."

"Kwa muda?"

"Akae tu, baba. Amesema atanijibu Jumamosi, mkifika na baiskeli zenu."

"Mkifika nani?"

"Wewe na mama! Si mnakuja kwangu kwa majaribio kabla ya safari ya ziwani? Mama kasema alikuambia."

Inawezekana aliniambia. Inawezekana alimwambia mtu aliyelala akaitikia "mm". Niliketi kitandani, nikajaribu kupanga mambo kichwani, yakakataa kupangika. "Mwanangu, mama yako anataka kwenda ziwani au hataki?"

"Baba, mbona mnanichanganya? Yeye anasema wewe ndiye unataka kwenda peke yako, ila unaona aibu kusema. Anasema unaweka vifungo mbali mbali makusudi, ili akate tamaa mwenyewe."

"Mimi? Yeye ndiye kila siku anairudisha safari nyumbani!"

"Basi ongeeni."

"Saa ngapi?" niliuliza, na wala sikuwa natania.

Nilipokata simu, mke wangu alikuwa uani anaanua nguo. Nilimwona dirishani, kofia pana kichwani, anakunja shuka langu taratibu. Akienda kwa binti yetu, kitanda kitakuwa changu mchana na usiku. Wazo hilo lilinitia baridi. Nilitaka kutoka nimwambie usiende, lakini nilikuwa na usingizi mpaka maneno yalikuwa yanagongana, nikaona nitasema kitu cha kipuuzi. Nikarudi kulala. Hilo nalo likawa la kipuuzi.

Jumamosi tukatoka baada ya chai ya asubuhi. Nilikuwa nimekesha kama kawaida, nikapiga moyo konde kwamba safari ya majaribio haiwezi kunishinda. Mke wangu aliongoza, mgongo umenyooka, mwavuli umechomekwa nyuma ya kiti chake. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi. Hilo nalo nilikuwa silijui. Alipita kwenye mashimo bila kutikisika, anapiga kengele akiona kuku, anageuka kuniangalia na kutabasamu. Nilifurahi sana. Nakumbuka nilijisemea, huyu ndiye mke wangu, tazama anavyokanyaga pedali.

Halafu jua likapanda. Barabara ikawa nyeupe. Gurudumu likaimba wimbo mmoja, mmoja, mmoja.

Kilichofuata nilisimuliwa. Niliacha barabara bila kupunguza mwendo, nikakata kona mahali pasipo kona, nikaingia ndani ya ua wa shamba la mtu, nikabaki humo nimekumbatia usukani.

"Popo!" Mke wangu alikuwa amenishika uso kwa mikono miwili. "Umeumia? Moyo? Ni moyo?"

"Ni nini?" niliuliza. Nilikuwa sielewi nipo wapi, wala kwa nini nina majani mdomoni.

Akanitazama machoni. Akanitazama tena. "Ulikuwa umelala."

"Hapana."

"Ulikuwa unakoroma, baba watoto. Nilikusikia unakoroma kabla hujaingia humu."

Alicheka, halafu ghafla hakuwa anacheka tena. Aliketi kando ya barabara, akafungua mwavuli wake, akatufunika wote wawili.

"Kama hapa tu umelala," alisema, "vile vifungo vyako ungevifikiaje? Kutoka kifungo kimoja hadi kingine kwa siku moja, juani, hata kijana angekufa. Nilikuwa navisogeza karibu ili na mimi niweze. Wewe unavirudisha mbali. Nikasema basi, hanitaki."

"Juani?" nilishangaa. "Nani kasema juani? Mimi nilipanga twende usiku kucha, barabara tupu, hakuna joto. Kwa nini unadhani nilinunua taa?"

"Usiku nalala."

"Na mchana mimi nalala."

Tukatazamana. Ramani moja, safari moja, na kila mmoja alikuwa ameipanga kwa saa zake kana kwamba mwenzake hana mwili. Mtu mwingine angeligundua hilo siku ya kwanza. Sisi tulizoea sana kuishi peke yetu pamoja hivi kwamba hatukuona kasoro.

"Sijui kukaa na wewe ukiwa macho," alisema polepole. "Hilo ndilo linaloniogopesha. Nimekuzoea ukiwa umelala. Ukiwa macho sijui nifanye nini na mikono yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi naogopa, kwamba baiskeli zote hizi ni kwa sababu hiyo. Nilisema, "Mwavuli mzuri huu." Aliangalia pembeni.

Binti yetu alikuja kutuchukua kwa gari la kuazima, baiskeli zikatupwa nyuma, akaturudisha nyumbani. Njiani mke wangu alimwambia atakuja kukaa kwake, ampe siku mbili za kufunga mizigo. Mimi nilikuwa nimesinzia kiti cha nyuma, au walidhani nimesinzia.

Usiku wa kuamkia siku aliyopanga kuondoka sikuwa na la kufanya ila nilijualo. Nilikanda unga, nikauacha uumuke, nikaoka mkate mmoja katika jiko letu dogo linalounguza upande. Ramani nilikuwa nimeikunja. Vifungo nilikuwa nimevirudisha koponi.

Alfajiri nikasikia anaburuta begi. Nilitoka jikoni na mkate mkononi, tukakutana mlangoni. Nje palikuwa na ule mwanga wa kijivu usio na upande. Alikuwa amevaa kofia. Alininyooshea ufunguo, mimi nikamnyooshea mkate.

"Umeshindaje?" aliuliza.

"Umelalaje?" nilijibu.

Yalitutoka wenyewe. Tukabaki tumeshikana hivyo, ufunguo huku na mkate kule, na ndipo akili yangu, inayochelewa kila mahali, ikafika.

"Uko macho," nilisema.

"Niko macho, ndiyo. Naondoka."

"Na mimi niko macho."

"Unaumwa?"

"Sikiliza! Saa hii tuko macho wote. Kila siku ya Mungu, saa hii, hapa mlangoni, tumekuwa macho wote wawili. Hatujakosa hata siku moja. Tatizo ni kwamba ulikuwa unaondoka. Usiondoke. Sitaki kitanda kizima. Sijali kuhusu ziwa. Nilitaka tu nikuone ukiwa macho."

Aliweka begi chini, akanipita, akaingia jikoni. Nilimsikia anatandaza ramani. Nilipomfuata alikuwa ameweka kifungo kimoja cheupe, cha sare ya muuguzi, karibu kabisa na nyumba yetu, kabla kidogo tu ya daraja.

"Tukitoka sasa mpaka jua likianza kuwa kali, tutafika hapo," alisema. "Wewe utalala, mimi nitashona. Jioni utaamka, mimi nitalala, utanilinda. Alfajiri tunaendelea." Aliweka cha pili, karibu na cha kwanza. Akaweka cha tatu. Vilikuwa vimebanana vile vile alivyokuwa akivibana siku zote. "Tutapita kwa binti yetu, tumbebe mjukuu mpaka tuchoke. Halafu tunaendelea."

"Kwa mwendo huo ziwani tutafika lini?"

"Kwani unawahi zamu?"

Sikuwa nawahi zamu. Nilitafuta kifungo kikubwa kuliko vyote koponi, nikakiweka ziwani ili lisijisikie vibaya.

Tulitoa baiskeli nje. Alifunga mkate nyuma ya kiti chake, akakaza kofia, akaninyooshea ufunguo. Nikaupokea, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Nilisimama gizani ukumbini na ufunguo mkononi, kama nilivyosimama alfajiri zote za maisha yangu, nikisubiri nyayo zake ziishe barabarani ndipo nikalale. Nyayo hazikwenda popote. Nikashangaa, nikasikiliza. Kwa nje kengele ya baiskeli ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

"Baba watoto," alisema nyuma ya mlango, kwa upole mkubwa. "Toka. Funga kwa nje."