Barua Hufunguliwa Kikaoni

Alhamisi saa nane mchana, ukipita barabara ya malori pale Tunduma ukasikia watu wanaimba ghorofani, juu ya duka la matairi, usidhani ni kanisa. Ni sisi, Klabu ya Huduma Mpakani. Tunaimba kabla ya kikao, tunaimba katikati, na aliyechelewa anaimba peke yake mbele ya wote huku Luka akimpulizia filimbi. Luka ni wakala wa forodha, na kazi ya nidhamu tulimpa kwa sababu hana aibu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka thelathini na sita ya kufundisha darasa la nne haikunipunguzia hata kidogo. Makelele yale yalinichosha. Lakini sikukosa hata Alhamisi moja, kwa sababu nilikuwa Katibu.

Msinicheke. Mwalimu akishastaafu, jina lake linabaki kwenye madaftari ya watoto ambao nao wameshazeeka. Siku sita za wiki nilikuwa mzee Rabson tu, mume wa Ferista, mtu wa kuambiwa angalia hapo kuna ngazi. Siku ya saba nilikuwa Katibu, nasimama, nasoma, na watu wazima wenye maduka na magari wananyamaza wanisikilize.

Na nilikuwa sioni.

Nalisema wazi sasa kwa sababu limeshaharibu kila lililokuwa la kuharibika. Kila mwaka klabu yetu huleta madaktari wa macho kutoka Mbeya, wanaweka kambi ya siku tatu, wazee wa Itaka, Ruanda, Galula na huko bondeni Momba wanatolewa mtoto wa jicho. Mwaka jana nilijipanga nao foleni, wa mwisho kabisa, wenzangu walipokuwa wameenda kula. Daktari akaniangalia kwa kitochi muda mrefu, akaniambia yangu si mtoto wa jicho, ni presha ya macho, na mshipa umekufa. Mtoto wa jicho anatolewa mzee wangu, akasema, lakini hii haina operesheni. Akanipa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikwisha kabla ya Krismasi.

Sikumwambia mtu klabuni. Mzee Manase, mwenyekiti wetu wa kwanza, alipopooza upande mmoja tulimfanya mwanachama wa heshima. Tulimpigia makofi matatu, tukamwekea kiti chake karibu na mlango, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza anaonaje jambo lolote. Alikaa pale miezi mitano, akaacha kuja, na ilituchukua wiki tatu kugundua. Mimi ndiye niliyeandika azimio lile, kwa lugha nzuri. Nilikiogopa kiti kile kuliko nilivyoogopa giza.

Basi tukapanga, mimi na Ferista. Kikao kikiisha nilirudi nyumbani na mambo yote kichwani, nikamwambia, naye akaandika kwenye kitabu kikubwa. Ferista aliishia darasa la saba lakini mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Jumatano jioni ananisomea mara tatu, nakariri. Alhamisi nasimama na kitabu mkononi, nafungua ukurasa, nashusha kichwa, nasoma. Mahali pa kufunua ukurasa nilipakariri pia, na njia ya ukumbini pamoja na ngazi zake. Ferista hakupenda. Kila Jumatano alinikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilimjibu anisomee tena ajenda ya tatu.

Sasa kuna kanuni moja ya klabu yetu ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyonimaliza. Barua yoyote ya klabu haifunguliwi nje ya kikao. Inaletwa imefungwa, Katibu anasimama, anaichana mbele ya wote na kuisoma kwa sauti papo hapo. Ilitungwa zamani, baada ya kiongozi mmoja kukalia barua ya mwaliko wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaenda peke yake kula kuku wa Wazambia. Aliyeitunga ni mimi. Niliipigania vikao viwili mpaka ikapita.

Siku yenyewe Ferista hakuwepo. Shangazi yake alifariki Itaka, akaondoka Jumatatu, na kabla ya kuondoka alinisomea kumbukumbu mara tano badala ya tatu. Simu yangu ilikuwa ikilia ujumbe, nikaiacha. Kusoma ujumbe ilikuwa kazi ya Ferista.

Kikao kilikuwa kimechangamka kupita kawaida. Irene wa saluni alichelewa, akaimba, Luka akacheza mpaka mbao za sakafu zikalia. Nikasoma kumbukumbu zangu bila kosa. Kisha Mama Enesi, mwenyekiti wetu, mwenye duka la mabati, akamtambulisha mgeni: mama mmoja wa Kisukuma kutoka bondeni Momba, Nyanzobe, mjane wa mzee Makene, wafugaji na wakulima wa mpunga. Alikuja kwa bodaboda kuuliza kama madaktari wanakuja, kwa sababu mwaka jana alifika kambi imeshafungwa. Luka akamtania kuwa Msukuma hawezi kusafiri bila ng'ombe, amemwacha wapi. Mama akajibu amemfunga kwenye lori la Luka pale chini, na ukumbi ukaanguka kicheko.

Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema hataki kuona mbali. Anataka kuchambua mchele mwenyewe. Wakwe zake wanachambua haraka haraka, naye hawezi kuwasema, maana atasema nini mtu asiyeona.

"Nimechoka kula mawe kimya kimya," alisema.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaza macho yangu yaliyokufa nisije nikalia.

Na hapo Luka akapuliza filimbi, akatangaza kuwa Mungu si Athumani, barua ya madaktari hii hapa, imeletwa na basi la asubuhi. Akaniwekea bahasha mkononi. Ukumbi ukaanza kuimba Katibu, Katibu, huku wakigonga meza.

Nikasimama. Nikaichana, nikakunjua karatasi, nikasikia muhuri ulivyoikwaruza kidogo pale chini, zaidi ya hapo sikupata kitu. Ningeweza kusema nimesahau miwani, na Mama Enesi, aliyekaa futi mbili kutoka kwangu, angeipokea akasoma. Mtu mmoja angejiuliza kidogo, basi. Lakini nilikuwa nimeshasema nimesahau miwani mwezi wa tatu, na mwezi wa tano, na mwezi wa tano Luka alinicheka kwamba Katibu sasa anatafuta kiti cha heshima. Alitania tu. Mimi lile neno lilikuwa bado limenikwama kooni.

Kwa miaka mitano madaktari walikuwa wamejibu barua zetu kwa maneno yaleyale. Barua ya mwaka jana nilikuwa naijua neno kwa neno. Tuliomba tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne, na hawajawahi kutukatalia. Nikashusha kichwa, nikasoma ya mwaka jana. Tumepokea barua yenu yenye kumbukumbu tajwa. Tunayo furaha kuwajulisha. Timu yetu itafika kama mlivyoomba. Nikabadilisha tarehe tu.

Jamani, zilipigwa vigelegele mpaka madereva wa malori wakapiga honi kule chini kutuitikia. Luka alinibeba, mimi mtu wa miaka sitini na tisa. Irene akaahidi chakula cha wagonjwa. Wenye pikipiki wakagawana vijiji pale pale, nani Galula, nani Ruanda, na matangazo yakaenda kwenye makanisa na misikiti kabla chai haijapoa. Nyanzobe alinitafuta kwa mikono, akaushika mkono wangu wenye barua akaukaza. Alidhani namwona.

Ferista alirudi Jumapili alasiri. Nilimpa barua aiweke kwenye faili, nikiwa na furaha kabisa, najisifu jinsi nilivyojiokoa. Akaifungua aisome kwanza, kama kawaida yake. Nikasikia akiigeuza mbele na nyuma. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia nikae.

Madaktari walikuwa wanasikitika. Mradi wao wa kambi umefika mwisho, hawataweka kambi nyingine mwaka huu wala unaofuata. Lakini kwa heshima ya ushirikiano wetu, walikuwa wametutengea nafasi ishirini za operesheni za mwisho hukohuko Mbeya, na gari lao lingekuja kuwachukua wagonjwa. Tuwapelekee majina ishirini. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Barua ilisomwa Alhamisi. Tulikuwa na siku nzima.

Ferista akachukua simu. Kulikuwa na jumbe tatu, wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa saa nane na nusu: Katibu tunasubiri majina yenu, tafadhali. Tulipiga Jumapili ileile, haikupokelewa. Jumatatu asubuhi akapokea dada mmoja mpole mno. Alisema walisubiri hadi saa kumi na mbili badala ya saa kumi, kisha nafasi zikaenda wilaya nyingine, na watu wameshaanza kuandikwa. Nilimbembeleza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu. Nilimwambia basi mmoja tu, mama mmoja. Akasema samahani sana mwalimu.

Nimesikia watu wakisema maji yakimwagika hayazoleki, na nimewahi kuwafundisha watoto wakaandika kwenye daftari mara kumi. Sikujua nilikuwa nafundisha nini. Macho yangu hayakuwa na dawa. Yao yalikuwa nayo, na dawa yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi.

Siku tatu sikula vizuri. Ferista aliniuliza swali moja tu, kama nitasema au aseme yeye. Nikamwambia nitasema.

Alhamisi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Waliwahi wote, hata Irene, Luka akakosa wa kumwimbisha, akajiimbisha mwenyewe. Ilipofika ile sehemu ya kila mtu kutaja furaha yake ya wiki, nikasikia sauti ya Nyanzobe. Amekuja tena. Alisema furaha yake ni kwamba ameshamwambia kila mtu kijijini kwake, wako wazee wanane watakaokuja naye tarehe kumi na mbili. Na amemletea Katibu aliyesoma barua mchele kidogo, kilo tano, ameuchambua mwenyewe kwa vidole.

"Mawe yakiwemo mnisamehe," alisema. "Wa safari ijayo nitauchambua kwa macho."

Wakampigia makofi. Nikawekewa mfuko mapajani, na hapo hapo Mama Enesi akaniita nisome kumbukumbu.

Nikasimama na kitabu kimefungwa. Nikawaambia kila kitu, kuanzia kitochi cha daktari. Sikupamba. Nilipofika kwenye Ijumaa saa kumi jioni, sauti ya mtu mmoja nyuma ikasema, "Mungu wangu," taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe nilisikia saa ya ukutani inavyotembea.

Nilitaka wanitukane. Hapo ningejua la kuwajibu. Lakini Mama Enesi ni mtu mwema, na wema wake siku ile ulinichapa kuliko fimbo. Alisema Katibu ametumikia kwa moyo, ni binadamu, na sasa apumzike. Luka akapendekeza niwe mwanachama wa heshima. Irene akaunga mkono. Wakapiga makofi matatu. Mtu akanishika kiwiko akaniongoza hadi karibu na mlango, nikakaa, na kiti nilikijua kwa kuyumba kwake, mguu mmoja mfupi, mzee Manase alikuwa akiulalamikia na hatukuwahi kuutengeneza. Kisha kikao kikaendelea. Waligawana tena vile vijiji, safari hii kwenda kuwaambia watu wasije.

Kilipokwisha, Nyanzobe alikuja akipapasa ukuta mpaka akanifikia. Nikamnyooshea mfuko wake. Nilimwambia auchukue, sistahili. Hakuupokea.

"Kwa hiyo na wewe huoni?" aliuliza.

"Sioni, mama."

"Hata nilipokushika mkono siku ile?"

"Hata siku ile."

Nikasikia anavuta kanga yake begani. Nilisubiri. Mtu mwingine angenilaani, na nilikuwa nimejiandaa.

"Kilichotolewa hakirudi, mwalimu," alisema mwishowe. "Nenda kaule."

Akashuka ngazi, moja moja, na mwenye bodaboda akimhesabia. Sikumwambia kwamba mwakani pia hakuna. Nilikuwa nimeshasema kikaoni, lakini sina hakika kama alilisikia lile.

Jioni Ferista alitaka kuuchambua ule mchele kabla ya kuupika. Nilimkatalia. Tukagombana kidogo, akaniambia nitavunja meno niliyobaki nayo, nikamwambia apike hivyohivyo ulivyo au nipike mimi. Akapika, na maharage. Tonge la tatu nilikutana na jiwe. Ferista akasikia, akaniuliza kama kuna mawe.

Nikamwambia hakuna, nikameza.