Noti Kubwa za Baba

Baba aliuza shamba lake la mirungi kule Sabir ili dadangu Ashwaq akatengenezwe moyo Sanaa. Shamba la babu yake, jamani! Akampa mnunuzi, Qaid, sharti moja tu: "Nilipe noti za zamani, zile kubwa. Hizi ndogo mpya za serikali ya Aden, watawala wa Sanaa hawazigusi."

Macho ya baba hayaoni karibu, kwa hiyo aliyezikagua ni mimi. Mimi! Nikawasha tochi ya simu, nikazipima kwa kiganja moja moja. Kubwa zote. Na safi! Noti za zamani siku hizi zimeungwaungwa kwa selotepu, hizi hata mkunjo hazina. Nikafurahi kabisa.

"Ziko sawa, baba."

Tukazunguka milima kutwa nzima kwenda Sanaa. Ashwaq midomo imekuwa ya bluu, lakini maneno hayamwishi.

"Baba, shamba ndiyo hilo limeenda. Sasa utatafuna nini, mwarobaini?"

"Nitatafuna mahari yako, mchokozi we!"

Hospitalini, mhasibu wa dirishani akachukua noti ya juu. Ukubwa hakuuangalia hata. Akaweka kidole kwenye namba.

"Mzee wangu, namba ya hii inaanza na herufi dali."

"Sasa dali ina nini?"

"Aden wamechapa noti mpya za elfu kwa umbo lilelile la zamani. Namba zao ndiyo zinaanza na dali. Huku kwetu ni karatasi tu." Akapekua bunda zima. Dali, dali, dali. Akalisukuma nje haraka. "Zifiche, ami. Askari wa mlangoni akiziona, anazichukua na wewe anakuchukua."

Nikampigia Qaid. Amezima. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka chaji ikabaki asilimia nne.

Baba hakunifokea. Bora angenifokea.

"Si ulisema ziko sawa, mwanangu?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa.

Nesi akatoka na orodha. "Ashwaq Muqbil! Risiti iko wapi?"

Baba akamwonyesha viganja vitupu. Nesi akamtazama, akashusha macho kwenye orodha, akaita jina lingine. Mwanamke mmoja akasimama na mtoto wake, wakaingia.

Ashwaq akavuta mfuko wake, akaanza kurudisha nguo ndani, akipumzika kila baada ya gauni moja.