Kitako Kisichokatwa

Shavu langu la kulia lilikuwa limevimba tena, na Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi bunduki akinieleza kwamba kosa ni la shavu.

"Unainua kichwa ukifyatua," alisema. "Mimi bunduki hiyo imenitumikia tangu hujazaliwa, na haijanizaba hata kofi moja."

"Baba, ilichongwa kwa mwili wako. Mimi mikono yangu mifupi."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nimeinama. Msimu mzima nimeinama! Ile bunduki ya marisau ina kitako cha mti mgumu wa kahawia, kilichochongwa Baba alipokuwa kijana mrefu wa mabega mapana, na mimi kwa kimo nimemfuata marehemu mama. Ili jicho langu likae sawa na mtutu, inanibidi nitoe shingo mbele kama kobe anayechungulia. Nikifyatua, kitako kinarudi nyuma na kunitwanga. Visahani vya udongo vinavyorushwa hewani pale klabuni vinanipita vizima na kuangukia majanini, na wenzangu wanatazama viatu vyao kwa adabu. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya kuchagua timu. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ulikuwa unanipaa. Lakini bunduki ni moja, na ni ya Baba, na Baba hataki kitako chake kiguswe.

Klabu nzima ilimwita Hakosi. Jina alilipata kwa haki, ila msimu huu alikuwa anakosa. Akikosa, ni upepo. Upepo usipokuwepo, ni risasi za siku hizi. Risasi zikiwa zilezile, basi mrusha visahani ana papara. Nilidhani ni macho ya uzee, nikanyamaza, maana mzazi haambiwi kila kitu.

Fundi alikuwa mtu wa kutopendelea upande wowote, jambo lililonichosha kuliko ubishi wenyewe. Alikuwa amefungua kitako cha mti na kukilaza mezani, na pembeni yake ameweka kingine cha plastiki ngumu, cheusi.

"Njia ni mbili," alisema. "Tukate huu mti upana wa vidole viwili, au tufunge hiki. Mti ukikatwa haurudi. Hiki kina vipande vya kuongeza na kupunguza huku nyuma. Mzee anavaa chake, binti anavaa chake."

Nilichagua plastiki palepale, na nilichagua kwa ajili ya Baba, ili mti wake ubaki mzima. Yeye akakichukua na kukigonga kwa kidole.

"Sikia. Ndoo ya kufulia."

"Hakivimbi kwa mvua, Baba."

"Na joto hakina. Mti unalijua shavu la mtu."

"Langu unalijua vizuri sana," nikasema, nikamgeuzia lile lililovimba.

Fundi alicheka, kisha akaona uso wa Baba, akajifanya anakohoa.

"Tena ni chepesi," Baba akaendelea. "Kitu chepesi kinapiga teke zaidi. Muulize Fundi."

"Kweli, kinapiga teke zaidi," Fundi akasema.

"Si umeona?"

"Lakini kikimkaa mtu sawa, teke linaingia begani, haligusi shavu."

"Si umeona?" nikasema na mimi. Damu ilikuwa inanichemka. Tulikuwa tumezunguka palepale asubuhi nzima, mti na plastiki, plastiki na mti, wakati tatizo lilikuwa usoni kwangu na kila mtu analiona. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Fundi naye alichoka. Akafunga kitako cha plastiki, akahakikisha bunduki haina risasi, akachora alama ya chaki ukutani.

"Itazame alama," akaniambia. "Fumba macho. Inua bunduki kama ulivyozoea, kisha fumbua. Mtu akiona, shingo inajisogeza kuitafuta bunduki. Akifumba, shingo inasema kweli."

Nilifumba, nikainua, nikafumbua. Kishanga cha kulengea kilicho mbele ya mtutu kilikuwa kimekaa juu ya alama kabisa, na shingo yangu ilikuwa wima. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Kumbe sikuwa mbovu.

"Bahati," Baba akasema. "Rudisha mti wangu, niwaonyeshe."

Fundi akarudisha mti. Baba akasimama, akaitazama alama, akafumba macho, akainua. Kitako kilinasa kwenye sweta, chini ya kwapa. Alipofumbua, mtutu ulikuwa unaelekea kwenye kabati.

"Sweta hili nene," akasema. Akalivua.

Sikuwa nimemwona bila sweta tangu baridi ianze. Shati lake la siku zote lilikuwa linamning'inia, mshono wa bega umeshuka hadi mkononi. Alifumba, akainua, akafumbua. Kabati tena. Kisha polepole, akidhani hatumtazami, alitoa shingo mbele mpaka jicho likafika kwenye mtutu.

Nikaijua shingo ile. Ilikuwa yangu. Nilidhani nimeibuni mwenyewe kwa shida zangu, kumbe nilikuwa nasimama nyuma yake kila wiki nikimwiga, naye alikuwa anainama kama mimi. Hasira yote ilinitoka, na mahali pake pakaingia kitu kilichoniuma zaidi ya shavu.

Baba akalaza bunduki mezani, akakipapasa kitako pale mahali palipong'arishwa na shavu lake.

"Kikate," akasema.

"Mzee, cha plastiki kipo," Fundi akajibu.

"Nimesema kikate hiki."

"Kwa kipimo cha nani?"

Baba akanitazama kuanzia begani hadi kiganjani, kama mtu anayenunua shati.

"Chake," akasema. "Na mimi kitanitosha."

"Baba, basi, tusikikate," nikasema. "Nitatumia cha plastiki, wewe ubaki na—"

"Sasa wewe unataka nini?" akafoka. "Msimu mzima umenipigia kelele! Shavu, shavu, shavu! Leo nimekubali, unanigeuka?"

Fundi akakifungua tena kitako cha mti. Akaishusha misumeno yake, akachagua wenye meno madogo, akachora mstari vidole viwili kutoka mwisho. Baba akaushika mti kwa mikono miwili, akaubana juu ya meza.

"Njoo ushike upande huo," akaniambia. "Shika vizuri, msumeno usiende kombo."

Nikashika.