Obadia Akataa Kuzikwa Bila Mtani

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, Editha alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, nyuma ya nyumba ya shemeji yake kule Ulemo, mumewe, Obadia, alipotoka kwenye jeneza akaomba kiti.

Wakamletea kiti cha plastiki. Kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyokodiwa Kiomboi kwa ajili ya msiba, na mguu wake mmoja ulikuwa umepinda, kwa hiyo Amosi, mtoto wa kaka yake, akauwekea kijiwe. Obadia alishukuru. Akaketi chini ya turubai, amevaa suti aliyojishonea mwenyewe, akamgeukia kaka yake mkubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema mzee Simeoni. Kufa hakumfanyi mdogo kuwa mkubwa. "Kuna tatizo gani? Mchungaji ameshafika, na kaburi liko tayari tangu asubuhi."

"Hakuna tatizo. Nitazikwa, sina ubishi. Ila natazama hapa sioni mtani hata mmoja. Mtu mzima nizikwe hivi hivi, watu wanalia tu?"

Wazee wakatazamana, wakaona hoja ina uzito. Msiba wa mtu mzima huendeshwa na mtani. Yeye ndiye hulala kaburini kupima urefu, huvaa koti la marehemu akaiga mwendo wake, huzuia jeneza njiani mpaka apewe kuku, na husema yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema, wala hakuna wa kumkasirikia. Msiba bila mtani ni mboga bila chumvi: utaimaliza, lakini kwa adabu tu.

Wakamsimamisha mwalimu Ezekieli, Mnyaturu aliyehamishiwa shule ya pale mwezi uliopita. Mwalimu alikohoa, akasema kwamba Wanyiramba wanapenda sana mlenda. Kimya. Akaongeza kwamba wanaupenda mno. Obadia alimwangalia kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Mpigieni Kondo," alisema. "Namba yake iko kwenye simu yangu."

Kondo alikuwa Mzaramo wa Mbagala, jirani yake kwa miaka ishirini na sita. Kama Mnyiramba na Mzaramo ni watani kweli, wengine hubisha. Wao wawili waliamua kuwa ni watani siku moja wakiwa kwenye foleni ya maji, na tangu hapo hakuna aliyejitokeza kuwakatalia. Kondo alipokea simu, akasema ana shughuli ya mjukuu Ijumaa, atafika Jumamosi. Basi msiba ukasogezwa mbele, mchungaji akarudi kwake, na akina mama wakaambiwa waongeze mchele.

Hapo ndipo Editha alipochukua ungo wa pili. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo wote pale walilijua na hakuna aliyelisema. Mjane hachambui mchele. Mjane hukaa ndani kwenye mkeka, amejifunika khanga, watu wanaingia kumpa pole. Mkeka ulikuwepo, sebuleni, na juu yake alikuwa amekaa Agripina, dada wa marehemu. Editha alikuwa Mmakonde wa Newala, na kwa ukoo alikuwa "mama wa watoto wa Obadia," kwa sababu hakuwahi kuletwa nyumbani kupokelewa. Kila mwaka Obadia alisema mwakani. Walifunga ndoa kanisani Mbagala, na cheti alikuwa nacho kwenye mkoba, kimekunjwa ndani ya kitenge. Mzee Simeoni alikitazama siku ya kwanza, akakirudisha kwa heshima zote, akasema ni cheti kizuri sana cha Dar es Salaam.

Watoto wao watatu walikaa mbele, na ukoo. Loyce, mkubwa wao, ndiye aliyeuona wasifu wa marehemu na kuuliza mbona mama hayumo. Amosi, aliyekuwa katibu wa msiba, alieleza kwa upole kwamba karatasi zimeshachapwa, nakala hamsini.

Editha hakutaka ng'ombe wala shamba. Alitaka jina lake lisomwe mara moja, kwa sauti, mbele ya watu, kabla udongo haujamfunika mume wake. Hilo tu. Na aliumia, tena sana, maana mtu anayetaka kitu kidogo akanyimwa huumia kuliko aliyetaka kikubwa.

Ijumaa yote watu walikuja kukaa na marehemu. Walikuja kutoka Misigiri na Kiomboi, watoto wakamwamkia, akawaitikia marahaba, na wote waliuliza swali lile lile: Dar kuzuri?

"Jiji lenyewe?" alisema Obadia. "Jiji ni joto, mbu, foleni na maji ya chumvi. Unatoka nyumbani gizani unarudi gizani. Ukitaka mji wa kupumua, kaa Singida. Dar utamu ni watu. Asubuhi nafungua kibanda changu cha cherehani, Mzaramo ananitukana, Mpare ananinyima chenji, Mpemba ananiuzia kahawa, Mhaya ananisahihisha Kiingereza ambacho hata sijakiongea. Mwezi wa Ramadhani mzima sijawahi kufuturu kwangu."

"Kwani unafunga?" aliuliza mzee mmoja.

"Sifungi. Nafuturu."

Watu walicheka. Mzee Simeoni hakucheka. "Hapa sisi ni wamoja," alisema. "Tunaelewana bila kelele zote hizo."

"Mnaelewana, kaka, lakini hadithi zenu zimeisha. Mimi Krismasi nilikuwa nalisha makabila kumi na moja kwenye sinia moja. Wali wa nazi, mtori, mlenda wetu, ming'oko, vile viazi pori vya Kimakonde. Unajua raha yake?"

Nyuma ya nyumba, Editha aliyasikia yote huku akipuliza moto. Kupika mlenda alifundishwa na jirani Mgogo, maana mama mkwe wa kumfundisha hakumpata. Ndizi za mtori alizimenya mpaka vidole vikawa vyeusi wiki nzima. Nazi alizikuna yeye. Kwamba jiji lilikuwa tamu, hakatai. Alicheka nalo, alilia nalo, na mtaa ule angeutamani hata peponi. Ila utamu ule ulikuwa na mpishi, na mpishi hakuwahi kukaa akaulizwa anaonaje.

Watu walipopungua, alimpelekea mumewe maji ya kunawa uso.

"Baba Loyce. Wasifu haunitaji."

Obadia alitazama viatu vyake. "Nimeona."

"Waambie basi. Umeshaamka. Neno moja tu."

"Mama Loyce, hapa ni nyumbani. Tusilete mambo. Halafu mimi sasa ni marehemu, na marehemu hajiandikii wasifu."

"Kiti umeomba. Mtani umeomba."

"Hayo ni madogo," alisema Obadia, "ndiyo maana nimeyaomba."

Editha akachukua beseni lake akarudi jikoni.

Jumamosi, saa tano asubuhi, bodaboda ilimleta Kondo, amevaa kanzu na koti. Kabla hajashuka alikuwa ameshaanza kazi.

"Nani kafa? Mmoja tu? Nimekaa kwenye basi usiku kucha kwa ajili ya Mnyiramba mmoja? Si mngekusanya hata watano!"

Msiba mzima ulipumua. Akina mama walitoka jikoni na miiko mikononi. Kondo alimwendea Obadia, akamzunguka mara mbili kama mtu anayetaka kununua mbuzi.

"Tazama hili. Hata kufa hujui. Wenzako wakifa wanalala, wewe umekaa kitini unasubiri chai."

"Umechelewa," alisema Obadia, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nimechelewa nini? Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Walikwenda makaburini wote, Obadia akitembea mbele ya jeneza lake na kiti chake kikibebwa nyuma. Kondo aliingia kaburini akalala chali, kofia usoni. "Fupi!" alipiga kelele kutoka chini. "Miguu itabaki nje. Msiongeze! Miaka ishirini na sita ananishonea suruali fupi, leo naye apimwe kwa futi yake mwenyewe." Vijana waliokuwa wameshika majembe walilazimika kukaa chini kwa kucheka.

Kisha Amosi akasoma wasifu. Marehemu alizaliwa Ulemo, akasoma, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akawa fundi hodari. Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Kondo akanyoosha mkono.

"Samahani, katibu. Hao watoto watatu, kawazaa mwenyewe?"

Kicheko.

"Nauliza tu, mimi mgeni. Karatasi inasema mwanamume kazaa watatu bila mke. Huku Iramba mnazaaje? Mnapanda kama alizeti?"

Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia, mabega yakitetemeka.

"Mke wa huyu mtu namjua. Nimekula kwake mpaka nimezeeka. Yule pale, Mmakonde, kashika mwiko. Amempikia, amemuuguza, amemleta hapa na jeneza, na nyie mmemnyima hata mstari mmoja. Basi kama hammtaki kwenye karatasi semeni, mimi nambeba leo leo!"

Kelele ya kicheko iliyofuata iliwaamsha kunguru kwenye miti. Mzee Simeoni alifuta macho kwa leso, akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu ndiye mtani! Huyu anajua kazi!" Agripina alicheka mpaka khanga ya msiba ikamdondoka kichwani. Obadia alicheka kuliko wote, akijipiga paja, mpaka kiti kikayumba na Amosi akatafuta kijiwe kingine.

Editha alisimama na mwiko wake. Hakuna neno hata moja lililompita mtu. Walisikia wote, hadi wa nyuma kabisa. Lakini kazi ya mtani ni kusema, na kazi ya wenye msiba ni kucheka, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Amosi akangoja watulie, akaweka kidole pale alipoishia, akaendelea. "Na mjukuu mmoja. Bwana ametoa na Bwana ametwaa."

Obadia akainuka. Alifunga vifungo vya koti, akawashukuru watu kwa kuja, akamuaga kaka yake kwa shikamoo, kisha akaangalia upande wa Editha na kumpungia mkono, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi akienda kibandani. Akaingia kwenye jeneza, akajilaza mwenyewe. Kondo alikalia mfuniko mpaka alipopewa kuku, jogoo mwekundu, akasema sasa mnaweza. Kufikia saa tisa kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na viti vinahesabiwa virudi Kiomboi.

Watoto walibaki kwa ajili ya kuondoa tanga. Agripina alibaki mkekani. Mjane hawezi kuondoka siku ya pili tu baada ya mazishi, lakini Editha hakuna aliyemzuia. Mzee Simeoni alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru kwa dhati kabisa kwa msaada wa jikoni, akampa galoni la mafuta ya alizeti, kama wanavyopewa wageni wa mbali.

Jumapili asubuhi alikuwa Misigiri anasubiri basi, galoni miguuni. Pembeni yake Kondo alikuwa amempakata jogoo.

"Nilisema, shemeji," alisema Kondo. Hakuwa anatania tena, na uso wake bila utani ulikuwa wa mzee aliyechoka.

"Ulisema. Nashukuru."

"Wakacheka."

"Ulisema vizuri mno."

Lori la vitunguu lilipita, vumbi likatulia. Kondo alimrekebisha jogoo mapajani.

"Hivi shemeji, nilitaka kukutaja pale, nikakwama. Miaka yote nasema Mama Loyce, Mama Loyce. Jina lako hasa nani?"

Editha alimwangalia. Alikumbuka futari, Krismasi, makabila kumi na moja kwenye sinia moja.

"Editha," alisema.

"Editha," alirudia Kondo. "Editha. Jina zuri. Sitalisahau."

Basi likaja, likasimama kwa kelele. Kondakta alining'inia mlangoni, akauliza wangapi, wa wapi.

"Wawili, Dar," alisema Kondo, akimpokea galoni. "Mimi na huyu Mmakonde."

Editha akapanda.