Kufuli Lisilotoa Sababu

Mlango ulipojifunga nyuma ya kaka yake, Bi Siri alicheka. Kaka huyo, fundi wa majokofu, alikuwa amekong'oa kitasa kibovu cha ndani cha chumba cha barafu, akatoka nacho kwenda kuchukua kipya kwenye gari, akasahau kuweka kabari. Sanduku la zana kaliacha ndani. Koti zito, lile moja tu lililokuwepo, kalivaa yeye.

"Mwanamume huyu! Akirudi atanikoma," alisema, akajikunyata ndani ya blauzi yake ya ofisini katikati ya rafu za chanjo.

Hakuwa na hofu. Aogope nini? Akili ya kufuli lile aliiandika yeye mwenyewe: programu ndogo inayoficha namba zinazobonyezwa nje kabla hazijapita hewani kufika kwenye kufuli, ndogo hivi kwamba inaenea kwenye kidude cha betri mbili. Ndiyo sababu nyumbani walimwita Bi Siri. Na namba ya kufungulia alimtumia kaka yake kwenye simu asubuhi ile ile.

Kufuli likatoa mlio mrefu. Limekataa.

"Umekosea, bwana wee, tazama simu," akasema, japo mlango ule mnene haukupitisha sauti ya mtu. Kaka yake alikuwa na glavu nene kama mikate, bila shaka zilikuwa zinabonyeza namba mbili kwa mpigo. Ukaja mlio wa pili. Ukaja wa tatu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Maana baada ya makosa matatu, kufuli lile huziba masikio nusu saa nzima. Ukibonyeza chochote kabla nusu saa haijaisha, hata namba iliyo sahihi kabisa, hesabu inaanza upya. Na halikwambii. Jibu ni lile lile, mlio mrefu, ili mwizi asijue amekosea wapi. Mzee Miwani, mwenzake wa kazini, alimsihi kikaoni: tia hata taa nyekundu basi, watu wajue wasubiri. Yeye akamkata kauli. "Mwenye haki hakosei mara tatu," alisema, na watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Kwa upuuzi kama ule!

Mlio mrefu tena.

Sasa balaa lilikuwa hili: kaka yake tangu utotoni aliitwa Kupe, kwa kuwa aking'ang'ania jambo haachii. Kwa wengine hiyo ni sifa. Hapa Kupe, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anamzika dada yake kwa kidole. Bila shaka glavu keshavua, namba keshaipata, na kila akiikosa bahati anairudia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kama kisima kitakuwa na barafu.

Simu haikushika mtandao mle ndani. Alichukua nyundo sandukuni akaupiga mlango kwa nguvu zote. Bati likabonyea kidogo, basi. Nje Kupe akasikia kishindo, akachanganyikiwa zaidi. Mlio. Mlio.

"Acha! Acha, Kupe, utaniua!"

Meno yalimgongana. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa vya mtu mwingine. Kila mwaka aliwaambia vijana wapya kwamba vifaa viwili haviwezi kusemezana kwa siri kama havina kitu vilichokubaliana kabla. Yeye na Kupe walikubaliana nini? Walikua pamoja katika nyumba ya choo kimoja na watoto tele. Aliyekuwa ndani akigongewa alijibu kwa kugonga mara mbili, taratibu: nipo, subiri. Ole wake aliyeendelea kusumbua. Mama alikuwa na kandambili.

Akagonga mara mbili, taratibu. Akanyamaza. Akarudia.

Kimya. Halafu, kutoka nje, gonga moja: haya, ila fanya haraka.

Alilia, na machozi yakamwuma mashavuni. Kupe alizima mashine ya baridi, lakini barafu haina haraka ya kuyeyuka. Kila baada ya kitambo aligonga moja, naye Bi Siri akajibu mbili. Gonga, mbili. Gonga, mbili. Kisha nyundo ikamponyoka, na vidole vikakataa kuiokota.

Kupe akagonga. Akagonga tena, kwa kishindo. Bi Siri aliusukuma mlango kwa kiwiko, kiwiko kikateleza bila sauti. Alijua kaka yake amesimama mbele ya vibonyezo akidhani dada kafa. "Usibonyeze," alinong'ona. "Kaka yangu, usibonyeze."

Muda ukapita usio na mwisho. Mlio ulipokuja, ulikuwa mfupi.

Kupe alimbeba hadi nje, akamfunika koti, akamsugua mikono huku akilia waziwazi kama mtoto.

"Hukujibu," alisema. "Nikasema amekufa. Lakini uliniambia nisubiri, nikasubiri."

Bi Siri aliutafuta mkono wa kaka yake kwa vidole visivyokunjika.

"Na ile namba, mbona niliipata mapema tu? Niliibonyeza sawasawa kabisa. Kwa nini lisiniambie?"

"Nililikataza," alisema mwishowe, meno yakigongana. "Nililifundisha likudhanie mwizi."